Kuupeleka Bagamoyo mlango wa Fundi

Jumatano, Ngamiani, Tanga

Mlango uko sakafuni karakanani, vipande vipande, na kila kipande kina alama. Marehemu Fundi hakuiamini penseli, maana hufutika kwa jasho la mkono. Alama zake ni mikato ya patasi upande usiofikiwa na jicho la mgeni: mkato mmoja ni mwimo wa kulia, miwili ni wa kushoto, mitatu ni kizingiti cha juu, minne ni cha chini. Ulimi, yaani ncha iliyochongwa kuingia tunduni, na tundu lake vina alama moja. Fundi asiyewahi kukanyaga karakana hii angeweza kuusimamisha mlango huu bila kumuuliza mtu, na ndivyo mwenyewe alivyotaka.

Nakshi zimeshachongwa, ndimi zimeshakatwa, ila mlango haujawahi kusimama. Ni wa madrasa moja ya Mji Mkongwe, Bagamoyo. Wao walinunua mbao na shaba, yeye akatoa ufundi wake bure. Wanaosafiri nao ni binti yake mkubwa, mwanawe wa kiume na mafundi wawili aliowafunza. Bi Mkubwa, mkewe, yuko eda, hatoki hadi itimie miezi minne na siku kumi. Lakini daftari ni lake. Fundi alikuwa akipima na kuita, yeye akiandika, na vipimo vya mlango huu vimo humo kwa mwandiko wake wa wino wa bluu.

Kwa anayetaka kujua ukubwa: wazi kati ya miimo ni sentimita 118, na kutoka kizingiti hadi kizingiti ni sentimita 212. Mwimo una upana wa 18 na unene wa 8, urefu 224 pamoja na ndimi, kila ulimi sentimita 6. Kizingiti cha juu kina urefu wa sentimita 194, kwa sababu kila upande kimeachiwa sikio la sentimita 20 la kuingia ukutani. Mbawa ni mbili, kila moja upana wa sentimita 58 na nusu, urefu 208, unene 4. Mfaa umepigiliwa kwenye ubawa mmoja nao ndio unaoficha mwanya wa katikati. Mzigo mzima unakaribia kilo 170.

Mbao si za aina moja. Mbawa na miimo ni mninga, kwa sababu mninga ukishakauka hauhangaiki sana na majira. Haupanuki wala kusinyaa kama mbao nyingine za bei hiyo. Kizingiti cha chini ni mbambakofi. Ni mzito na mgumu, unachosha patasi, lakini ndio unaokanyagwa na ndio unaonyeshewa. Kutia mninga chini ili mlango wote uwe rangi moja ni ubahili wa macho: miaka michache tu, katikati pameliwa na nyayo.

Mbao zote zilikaushwa kivulini, si juani. Kanuni yake ilikuwa inchi moja ya unene kwa mwaka mmoja. Zilipangwa juu ya vijiti vya sentimita mbili na nusu kila baada ya nusu mita, kijiti cha juu kikiwa sawasawa juu ya kijiti cha chini. Kijiti kikikaa kando ya mwenziwe, uzito wa juu huukunja ubao, na ubao uliokauka umekunjika haunyooki tena hata ukipigwa randa hadi uwe karatasi. Ncha za mbao hupakwa rangi yoyote ya mafuta mapema, siku ile ile zinapopasuliwa, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, na ndiko nyufa zinakoanzia.

Kupakia kumechukua asubuhi nzima. Mbawa zimelazwa juu ya magogo matatu yaliyosawazishwa kwa pima maji. Kwa magogo mawili tumbo la ubawa huning'inia, na kwa safari ya siku mbili hilo si jambo dogo. Nyuso za nakshi zimetazamana, katikati blanketi. Ncha za kuzungukia, zinazoshika nafasi ya bawaba, zimefungwa matambara. Juu ni turubai, wala si nailoni: nailoni juani hutoa jasho, mbao hulowa asubuhi na kukauka mchana, nakshi ikachanika. Pembe za mbao zimewekewa maboksi yaliyokunjwa ili kamba isile.

Vifaa vilivyoingia kwenye sanduku lake ni juba la robo tatu inchi kwa ajili ya matundu, patasi tatu, bobari mbili, gongo, randa fupi, timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), pima maji, guni (kipimo cha pembe mraba), kinoo na msumeno wa meno madogo. Tezo imebaki nyumbani. Vigingi ni 12: vinane vya kazi, vinne vya akiba.

Alhamisi, Muheza

Ni kilomita kama 35 tu kutoka mjini, lakini kituo hiki kilikuwa kwenye daftari. Kuna jeneza la msikiti alilolitengeneza Fundi, na chini ya vipimo vyake Bi Mkubwa ameandika: "Mipini iangaliwe."

Watu hudhani jeneza ni kazi nyepesi. Linabebwa na watu wa vimo tofauti, wanaopokezana wakiwa mwendoni, mara nyingi njia ya mchanga au tope, na halitakiwi kulia wala kuyumba. Majeneza mengi ya misikitini huvunjika mahali pale pale: mpini unapokutana na fremu. Sababu ni kwamba fundi ameunga vipini vinne vifupi kwa bolti. Bolti imetoboa kiini cha mti, na mti wa sentimita nne na nusu uliotobolewa tundu la sentimita moja na zaidi umebaki na nguvu ya kusimamia pazia.

La Muheza lina miti miwili mizima, kila mmoja sentimita 290, kutoka mwisho hadi mwisho. Mwili ni sentimita 210, na 40 zinazobaki kila upande ndiyo mipini yenyewe. Hakuna tundu la bolti popote kwenye miti hiyo. Papi za chini zimekaa juu yake kwenye mikato ya kina cha nusu sentimita na kufungwa kwa kamba. Kamba ikichakaa mtu yeyote mwenye mikono anaifungua na kufunga nyingine. Kati ya papi na papi kuna nafasi ya vidole viwili, maji yapite na jeneza likauke haraka likishaoshwa. Mipini imezungushwa kwa randa na kulainishwa kwa msasa namba 80 kisha 120, basi. Ukiifanya laini zaidi ya hapo huteleza mkononi wakati wa mvua.

Kosa limepatikana kwenye pembe moja: kamba imelegea na papi ya mwisho imeanza kuusugua mti. Imebadilishwa mita nne za kamba. Ilowekwe kwanza, ifungwe ikiwa mbichi. Kamba ni ya katani, na Muheza hii haikosekani.

Bwana mmoja anayeangalia msikiti alimwambia yule binti, "Mwanangu, baba yako alitupa jeneza akakataa pesa, lakini alitupa na sharti."

"Lisifungiwe," akajibu binti.

"Ehe. Lisifungiwe na kufuli."

Limekaa barazani, chini ya paa, na yeyote mwenye msiba huja kulichukua saa yoyote, akalirudisha. Kwa majirani Wakristo alikuwa akitengeneza sanduku kwa bei ya mbao na misumari tu. Katika daftari kurasa hizo hazina safu ya faida. Bi Mkubwa amepiga mstari tu.

Mchana ulikwenda kwenye mbao za msaji kwa ajili ya mabenchi ya madrasa: vipande vinane vya mbili kwa sita, futi 12 kila kimoja. Chini ya milima ya Amani kuna shamba la miti la serikali la Longuza, na msaji wa huko ndio unaojulikana na maseremala wa Tanga. Ukinunua, usitazame rangi. Tazama kichwa cha ubao. Pete zikiwa zimekaa wima, ubao utatulia. Zikiwa zimelala kama upinde, ubao utakunjika upande ule pete zinakotaka kunyooka. Na ubao wenye moyo wa mti katikati, hata ukipewa bure, utapasuka.

Tahadhari ya karatasi: mlango uliokamilika hausumbui sana, lakini mbao ghafi zinaulizwa kwenye mageti ya maliasili. Beba risiti ya ununuzi na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, na idadi iliyoandikwa ilingane na iliyo garini hadi kipande cha mwisho. Kusafiri na mbao usiku hakukupangwa. Ndiyo maana safari imelala hapa.

Ijumaa, barabarani

Kuondoka baada ya jua kuchomoza. Segera, kamba zimekazwa upya: mzigo wowote wa mbao hujipanga kwenye kilomita za mwanzo, na kamba iliyokuwa ngumu alfajiri huwa inacheza. Hapo barabara inakata kushoto kuelekea kusini. Mkata, kisha daraja la Wami, kisha Msata. Sala ya Ijumaa Msata, halafu kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo kupitia Makurunge. Matuta ya barabarani ndiyo adui. Dereva aliambiwa ayapande kwa gurudumu zote mbili kwa pamoja, asikate kona juu ya tuta, maana gari likijipinda na mzigo hujipinda.

Mlango ukapokelewa alasiri na kulazwa ndani ya madrasa vile vile, magogo matatu. Mbao zilale usiku mmoja ndani ya chumba zitakachokaa. Tanga na Bagamoyo zote ni pwani, hewa haipishani sana, lakini turubai la siku mbili limebadilisha kitu.

Jioni ilikuwepo kazi ndogo. Baraza moja ya karibu ina bao alilowachongea Fundi siku za nyuma: safu nne, mashimo manane kila safu, na nyumba zake mbili za mraba. Ubao mmoja mzima wa mninga, unene sentimita tano. Ulikuwa umeanza kupasuka kichwani, kwa sababu mtu ameuacha juani wazee walipokwenda kula. Ufa wa namna hiyo haujazwi gundi. Gundi hujaza, haishiki. Dawa ni kuvuka ufa kwa kipande cha kipepeo: urefu sentimita sita, kiuno sentimita moja na nusu, unene sentimita moja, nyuzi za kipepeo zikikatiza nyuzi za ubao. Chora kipepeo kwanza, kikate, kisha kitumie chenyewe kuchorea tundu. Anayechora tundu kwanza hupata kipepeo kinachocheza. Kimeingia kwa mapigo matatu ya gongo, na wazee wakahesabu kete 64 wakaendelea.

Jumamosi, Mji Mkongwe

Fremu leo.

Mitaa hii ina milango ya kufundishia. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, na kabla yao ilikuwa mji wa misafara, mali na watu wakitoka bara kwa miguu. Matajiri wa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili walijengewa milango ambayo baadhi bado imesimama. Ukiichunguza utaona mahali inapofia: si juu kwenye nakshi, ni kwenye sentimita thelathini za chini, na zaidi kwenye tundu la kuzungukia. Mchanga na maji huingia tunduni, haviondoki, ncha inaoza, ubawa unashuka, unaanza kukwaruza kizingiti. Mwenye nyumba anaupunguza chini kwa randa. Mwaka unaofuata anaupunguza tena.

Jibu la Fundi kwa hilo ni mambo mawili. Chini ya tundu ameweka kipande cha shaba cha unene wa milimita tatu, ncha isikae juu ya mti. Na kutoka kwenye sakafu ya tundu ametoboa mfereji wa milimita nane, ulioinama, unaotokea upande wa nje wa kizingiti. Maji yakiingia yanatoka. Kwa nje unaona kitundu tu, na watu wengi wakikiona hudhani ni cha mdudu.

Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Wazi la ukutani lilitakiwa sentimita 158, ili fremu ya 154 ipate nafasi ya sentimita mbili kila upande. Lilipimwa chini, likatoa 158. Katikati 157. Juu kushoto jiwe moja limejitokeza, ikawa 153 na nusu. Kwa hiyo pima mahali patatu kila mara. Jiwe hilo limechongwa kidogo kidogo kwa patasi ya chuma na nyundo ya ratili mbili. Nyundo kubwa ingelilegeza, na ukuta wa aina hii jiwe moja likilegea, jirani zake husikia.

Kuunganisha fremu kumefanywa chini, chali. Ndimi za miimo zimeingia kwenye vizingiti, kisha vigingi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa useremala hukosea. Tundu la kigingi kwenye ulimi halikutobolewa sawa na tundu la kwenye kizingiti. Limesogezwa milimita mbili kuelekea bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikipigwa kinalazimika kuyalinganisha matundu, na kwa kufanya hivyo kinauvuta ulimi hadi bega linabana. Hakuna gundi. Ukisogeza milimita moja, hakivuti kitu. Ukisogeza nne, kigingi kinavunjika ndani au ulimi unapasuka. Kigingi chenyewe ni mbambakofi wa milimita kumi, uliopasuliwa kwa patasi kufuata nyuzi zake; wa kukatwa na msumeno nyuzi zake zimekatika njiani, haustahimili kupinda. Kimechongoka kidogo mbele na kimetokeza sentimita moja upande wa ndani. Atakayetaka kuifungua fremu hii atakipiga hapo, kitarudi kilikotoka.

Kigingi kimoja cha kizingiti cha juu kimevunjika. Kilikuwa na kifundo. Kimetobolewa, cha akiba kimeingia.

Pembe zikahakikiwa kwa kamba, si kwa guni: kutoka pembe hadi pembe, msalaba. Zote mbili zilitoa sentimita 242 na nusu na kitu kidogo. Zikipishana, fremu imelala upande mmoja, na guni halitakuonyesha kwa mlango mkubwa kama huu. Papi mbili zikapigiliwa mshazari ili isicheze wakati wa kunyanyua. Watu sita walitosha; walikuja kumi na nne.

Ukuta huu wa zamani umeinama kuelekea barabarani, sentimita moja na nusu kwa mita mbili. Maalim aliona fremu haikai sambamba na ukuta akauliza kama haitakuwa aibu.

"Shikamoo Maalim. Tukiufuata ukuta, mlango utakuwa unajisogeza wenyewe," binti alimwambia. "Baba alikuwa akisema ukuta umeshazeeka, tuifuate timazi."

"Marahaba. Haya, ifuateni timazi."

Tofauti imejazwa na chokaa. Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga tatu, chokaa ikiwa imelowekwa na kulala, mchanga ukiwa wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi; chumvi huvuta unyevu, na plasta inabwaga magamba. Saruji haikutumika kabisa. Ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe, haipumui, na unyevu ukikosa pa kutokea kwenye ukuta unatokea kwenye mti. Migongo ya miimo imepakwa oili chafu ya injini kwa ajili ya mchwa, mara mbili, lakini migongo tu. Upande utakaoguswa na watoto haukupakwa.

Nafasi ya katikati ya kizingiti cha juu, pale panapoandikwa aya au mwaka, iko tupu. Kushoto na kulia mna mawaridi na mnyororo unaozunguka ukingo, katikati hamna kitu. Maalim alitaka liandikwe jina la marehemu. Daftari linasema: "Katikati waachiwe wenyewe." Wamekubaliana patawekwa mwaka tu, na mchongaji atakuwa kijana wa hapa hapa. Bagamoyo haikosi wachongaji.

Jumapili

Mbawa zimetundikwa asubuhi, na kazi hiyo ikachukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Mlango wa aina hii hauna bawaba. Kila ubawa una ncha juu na chini: ya juu sentimita 6, ya chini mbili na nusu. Tundu la juu lina kina cha 6, la chini kina cha moja na nusu. Kati ya kichwa cha ubawa na kizingiti kuna nafasi ya sentimita 3. Unanyanyua ubawa, ncha ndefu inaingia juu, unausogeza wima, unaushusha, ncha fupi inakaa kwenye shaba. Kuutoa ni kinyume chake. Ile nafasi ya juu inafichwa na papi kwa nje, na kwa ndani kuna kipande cha mti kinachoingizwa na kuchomekwa kigingi ili mwizi asiweze kuunyanyua. Ubawa wenye mfaa na njumu, yale mapambo ya shaba yaliyotokeza, unakaribia kilo 45. Usiunyanyue peke yako kwa kuonyesha nguvu, vidole hubaki kwenye kizingiti.

Njumu za shaba ni 24. Inasimuliwa kwamba huko India zilianza kwa ajili ya kuzuia tembo wa vita wasisukume malango. Hapa zinazuia watoto kuegemea. Misumari na skrubu zote ni za shaba pia. Chuma kwa hewa hii ya chumvi huota kutu, na kutu ikikutana na mti huacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa.

Mafuta baadaye. Mkono wa kwanza ni nusu lita ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa na nusu lita ya tapentaini. Unapakwa, unaachwa dakika kama ishirini, na yasiyonywewa na mti yanafutwa. Mkono wa pili ni kesho yake, mafuta matupu, nusu lita. Wengi hapa hupaka mafuta ya nazi kwa kuwa yapo jikoni. Hayakauki. Yanabaki yananata, yanakamata vumbi, kisha yanachacha. Sifa, yaani mafuta ya papa, haina ubaya kwenye jahazi, lakini weka kwenye darasa la watoto uone.

Na matambara ya mafuta ya kitani yasikunjwe wala kutupwa kwenye kona na maranda. Yanapokauka yanatoa joto, joto likikosa pa kwenda yanawaka yenyewe. Yatandazwe chini moja moja au yaloweshwe maji. Karakana zimeungua kwa jambo hili bila kiberiti.

Mchana, marufaa, vile vibao vya kukunja vya kuwekea msahafu. Fundi aliacha mbao 12 zimeshapigwa randa, sentimita 65 kwa 20, unene mbili na nusu. Marufaa yake ni ubao mmoja, hayana bawaba, hayana msumari. Mwanawe wa kiume alikaa na vijana wa madrasa akawaonyesha moja hadi mwisho.

Chora mstari sentimita 25 kutoka chini; hapo ndipo patakapokunjika. Gawanya upana mara tano, sentimita nne kila fungu. Ubavuni pa ubao, kwenye mstari, chora duara lenye kipenyo sawa na unene. Fungu la kwanza, la tatu na la tano ni ya nusu ya mbele. La pili na la nne ni ya nusu ya nyuma. Kwa patasi kata kila fungu kufuata duara, mbele kisha nyuma, hadi mikato ikutane katikati ya unene. Halafu simamisha ubao kwenye jiriwa na uupasue unene wake kwa msumeno mwembamba, kutoka juu hadi kwenye vifundo, geuza, kutoka chini hadi kwenye vifundo. Ubao wa nyuzi zilizonyooka utafunguka. Wa nyuzi zilizopinda utavunja kifundo cha pembeni, na marufaa yenye kifundo kilichovunjika ni kuni.

Pasipofunguka, usilazimishe. Kuna nyuzi chache zimebaki ndani. Ingiza kisu chembamba kwenye kila mkato, zitafute, zikate. Kijana wa kwanza alilazimisha, na ubao wake mmoja umekwenda. Wa pili alikaa na kisu karibu saa nzima, marufaa yakafunguka yakalia kidogo. Mbao tisa zimebaki kwao. Mabenchi pia watayaunga wenyewe. Vipimo vimenakiliwa kutoka kwenye daftari na kubandikwa ukutani.

Jumatatu

Mkono wa pili wa mafuta umekwisha. Chokaa bado ni laini, unaweza kuikwaruza kwa ukucha, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Magunia yaliyolowa maji yaning'inizwe juu yake wiki nzima, yasikauke mchana. Chokaa ikikauka haraka inakuwa unga. Kabari kati ya fremu na ukuta zisitolewe kabla ya wiki tatu. Vigingi vitatu vya akiba vimetundikwa kwa kamba nyuma ya mwimo wa kulia. Mafuta tena baada ya mwezi mmoja, kisha kila mwaka kabla ya masika.

Kabla ya kuondoka Bi Mkubwa alipiga simu. Hakuuliza mlango umependezaje.

"Mwanya wa katikati umetoa ngapi?"

"Milimita sita, mama."

"Pande zote, au juu tu?"

Ukapimwa tena, juu, katikati, chini. Sita, sita, sita na nusu.

"Haya, naandika. Sasa hivi ni kaskazi, mti umekauka. Mwambieni Maalim masika ataiona tatu. Ikifika moja asiguse randa, anipigie kwanza."